Kiingereza cha kuendeshea darasa: maswali ambayo walimu wa lugha huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wanaofundisha Kiingereza kwa wanafunzi ambao maisha yao mengine yote yanakwenda kwa Kiswahili: shule za msingi, kidato cha kwanza na cha pili, na madarasa ya jioni ya watu wazima. Sarufi na mitihani tumeviacha pembeni. Hapa ni yale maneno ya kukalisha na kunyanyua, kugawa makundi, kunyamazisha, kusahihisha na kufunga kipindi. Misemo ya Kiingereza imewekwa ndani ya alama za mtajo ili uinakili ilivyo.

Nianze na misemo mingapi?

Kama 25 hivi inatosha kabisa kwa muhula wa kwanza. Kosa la walimu wengi ni kuwa na misemo mingi mno kwa kazi moja. Leo unasema "Open your books at page 12", kesho "Turn to page 12", keshokutwa "Let's go to page 12". Kwako ni jambo moja. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni vitu vitatu tofauti, na anachofanya ni kuchungulia daftari la jirani. Kila kazi ipe sentensi moja, uishikilie kwa wiki mbili bila kuigeuza. Ukiona darasa linatenda kabla hujamaliza kusema, hapo ndipo unaweza kuleta ya pili.

Orodha ya kuanzia ni hii.

Kufungua kipindi: "Good morning, class." "Sit down, please." "I'm going to call the register." "Who is absent today?" "Open your books at page 12."

Wakati wa kazi: "Look at the board." "Listen." "Repeat." "Write this in your exercise books." "Don't write yet." "Work in pairs." "Work in groups of five." "You have five minutes." "Start now." "Stop, please." "Put your pens down."

Kuuliza na kusahihisha: "Hands up." "Who can answer?" "Louder, please." "Try again." "Well done." "Let's check the answers."

Kufunga: "Pass your books to the front." "Clean the board, please." "That's all for today."

Katika orodha yote hiyo, usiiruke "Don't write yet." Wanafunzi wetu wamezoeshwa kunakili chochote kinachotokea ubaoni, na ukianza kuandika mfano huku ukieleza, vichwa vyote vitainama na hakuna atakayekusikiliza.

Nikimwambia mwanafunzi mmoja "Stand up", darasa zima linasimama. Shida iko wapi?

Wanafunzi hawana kosa. Kiswahili kina "simama" na "simameni", kwa hiyo amri yenyewe inabeba idadi ya wanaoamriwa. Kiingereza hakina kitu hicho: "Stand up" ni ya mmoja, ya watano na ya shule nzima. Mwalimu anaona anamtazama Rehema, lakini aliyekaa dawati la nyuma haoni macho ya mwalimu yanaelekea wapi.

Dawa yake ni kutanguliza mlengwa, kisha amri: "Rehema, stand up." "Everyone, stand up." "Row three, stand up." "Girls, sit down." Jina likija mwishoni, kama "Stand up, Rehema", nusu ya darasa imeshaanza kunyanyuka kabla ya kulisikia. Fanya hivyohivyo kwa maswali, ila mpangilio ugeuke: uliza kwanza, nyamaza sekunde tatu nne, kisha taja jina. "What is the past tense of 'buy'?... Hamisi?" Ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wanapumzika.

Nilisema "Can you open the window?" Mwanafunzi akajibu "Yes, teacher" na akabaki amekaa. Alikuwa ananitania?

Pengine sivyo. Amejibu swali uliloliuliza. Kiswahili hulainisha amri kwa "naomba", kwa "tafadhali", au kwa kitenzi chenyewe: "ufungue dirisha" ni laini kuliko "fungua dirisha". Kiingereza, hasa cha Waingereza, hulainisha kwa kuivika amri nguo za swali. Mwanafunzi ambaye hajazoea hali hiyo huchukua swali kama swali.

Hatari zaidi ni "Would you like to read?" Mwanafunzi mwenye aibu atajibu "No" kwa uaminifu kabisa, na wewe utaona amekukosea adabu.

Kwa madarasa ya chini tumia amri fupi na "please": "Open the window, please." Hakuna ukali ndani yake mradi sauti yako ni ya kawaida. Kuanzia kidato cha pili na kwa watu wazima, leta "Could you open the window, please?", na uwafundishe wazi kwamba jibu lake ni kitendo, au "Sure" kisha kitendo. Hao ndio watakaoyakuta maneno hayo hotelini na ofisini.

Maelekezo yangu yako wazi, lakini kazi ya vikundi inavurugika kila mara. Nifuate mpangilio gani?

Mara nyingi maneno hayana tatizo. Tatizo ni kipi kimetangulia kipi. Ukianza na "Get into groups", madawati yanaburutwa, majina yanaitwa, na yote utakayosema baada ya hapo yamepotea. Ukigawa karatasi kwanza, watasoma karatasi badala ya kukusikiliza wewe. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: ukimya, nani na nani, nini cha kufanya, mfano, muda, swali la kupima, kisha ruhusa ya kuanza. Vifaa vije mwisho kabisa.

Chukua darasa la wanafunzi 80, watatu kwa kila dawati, na kazi ya kuuliza na kujibu kuhusu ratiba ya siku. Maneno yako yote yanaweza kuwa haya:

"Stop, please. Look at me. Three people at one desk. The person near the door is A. The person in the middle is B. The person near the window is C. A, hands up. B, hands up. C, hands up. Good. A asks. B answers. C listens and writes one good sentence. Not yet. Wait. You have four minutes. Who asks? Who writes? How many minutes? Start now."

Kila sentensi ina tendo moja. Hakuna "after you have finished asking, the one who was listening should then", kwani sentensi kama hiyo hata mwalimu mwenzako ingempotea. C amepewa kazi ya kuandika kwa makusudi. Mtu wa tatu asipopewa kitu cha mkononi ndiye anayeanzisha fujo. Dakika nne zikiisha: "Stop. Change. B asks. C answers. A writes." Raundi tatu za dakika nne ni dakika 12, ukijumlisha maelekezo na kusahihisha, umetumia takriban nusu ya kipindi cha dakika 40. Ipange hivyo kwenye andalio la somo.

Kabla ya kusema "Start now", fanya mfano mbele ya darasa na mwanafunzi mmoja: "Neema, come to the front. You are B. I am A." Mfano wa sekunde 20 unashinda maelezo ya dakika tatu, kwa lugha yoyote ile.

Unapotaka vikundi vya sita usihamishe madawati. Sema: "Rows one, three and five, turn around. Face the people behind you." Watatu wa mbele wanageuka, wanatumia dawati la nyuma kuandikia, na kundi limepatikana bila vumbi. Madawati yenye benchi lililoungwa huwasumbua kidogo wasichana waliovaa sketi ndefu. Safu zao ziache zisimame tu zikiwa zimegeuka, au ziwe ndizo zinazobaki zimetazama mbele.

Nauliza "Do you understand?" na wote wanaitikia "Yes!", kumbe hawajaelewa. Niulizeje?

"Do you understand?", "Is it clear?" na ile yetu maarufu, "Are we together?", zina jibu moja tu linalokubalika kijamii. Hakuna mtoto atakayesema "No" mbele ya wenzake 70. Zaidi ya hapo, kiitikio cha pamoja kimekuwa sehemu ya mdundo wa darasa, na sauti hupanda hata kwa wale walioko mbali kimawazo.

Uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa "Yes" tupu. Chagua kati ya haya kufuatana na kazi:

"Do you write or speak?" "Do you work alone or in pairs?" "How many sentences?" "Which page?" "What do you do first?" "Can you use your book, or not?"

Maswali mawili yanatosha. Ukiuliza matano, wanaoelewa wanachoka na wasioelewa wanachanganyikiwa upya. Mwulize mwanafunzi wa kati kwa uwezo. Hodari akijibu hujapima chochote. Akikosea, usirudie maelekezo yote kuanzia mwanzo: rudia ile sentensi moja iliyompotea.

Na "Any questions?" Isikie kama ilivyo: ni alama ya kwamba unakaribia kufuta ubao. Ukitaka maswali kweli, sema "Talk to your partner. Find one question. One minute." Swali lililotoka kwa wawili haliogopeshi kama la mmoja.

Darasa kubwa lenye kelele nilinyamazisheje bila kupiga mayowe?

Sauti yako ikishindana na sauti 80, unashindwa kila siku na koo linaumia. Weka ishara moja na uifundishe siku ya kwanza kama unavyofundisha msamiati: "When I raise my hand, stop talking and raise your hand." Fanya zoezi mara tatu papo hapo, kwa makusudi: waache waongee, nyanyua mkono, subiri hadi wa mwisho anyamaze. Ukianza kusema wakati bado wachache wanaongea, umewafundisha kwamba ishara haina maana.

Njia ya pili ni kuhesabu kurudi nyuma, ukiambatanisha kila namba na jambo: "Five, finish your sentence. Four, pens down. Three, look at me. Two, hands on the desk. One, silence." Punguza sauti kila namba inavyoshuka.

Njia ya tatu ni mwito na kiitikio, na inapendwa sana huku kwetu kwa sababu wanafunzi wanaujua mdundo huo tangu chekechea. Mwalimu: "Class, class!" Wanafunzi: "Yes, yes!" Itumie kwa uchache, si zaidi ya mara mbili kwa kipindi, la sivyo inakuwa mchezo na kelele yenyewe.

Nikisema "Repeat after me", wananijibu "Repeat after me". Nifanye nini?

Tenganisha maelekezo na kinachokaririwa kwa mkono. Kiganja sikioni maana yake wasikilize. Kiganja kikielekezwa kwao maana yake waseme. Baada ya siku mbili huhitaji hata neno "Repeat".

Mtiririko wenyewe: "Listen. Don't repeat." Unasema sentensi mara mbili. Kisha "Everyone." Wanasema mara mbili. "This side." "That side." "Boys." "Girls." Halafu mmojammoja kwa majina, watatu hadi watano. Usiishie kwenye sauti ya pamoja. Wanafunzi 80 wakisema "She goes to school" pamoja, wale ishirini wanaosema "She go" hawasikiki, na wanajiona wamepata.

Ni makosa gani ya Kiingereza ambayo walimu wanaozungumza Kiswahili hufanya zaidi darasani?

Haya yanastahili nafasi, maana mwalimu akikosea sentensi ya kila siku, darasa zima linaikariri kwa miaka.

Kuazima. Kiswahili hutumia kitenzi hicho kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kina viwili. Anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kwa hiyo "Lend him your ruler" na "Borrow a ruler from Juma". Sentensi "Borrow me your pen" imeenea kiasi kwamba wengi hawaioni tena.

Kwenye daftari, kwenye ubao. Kwetu "kwenye" inatosha pote. Kwa Kiingereza ni "in your exercise book" lakini "on the board". "On page 12" pia, ijapokuwa ukifungua kitabu unasema "at page 12" au "to page 12".

Njoo mbele. "Come in front" si sahihi, sema "Come to the front."

Washa na zima. "Open the light" na "Off the fan" zimetoka moja kwa moja kwenye mazungumzo yetu. Sema "Turn on the light" na "Turn off the fan."

Nieleze. Kiswahili kinamweka mtendewa ndani ya kitenzi, kwa hiyo mtu hujikuta anasema "Explain me". Kiingereza kinataka "Explain it to me." Lakini "tell" haitaki "to": "Tell me the answer." Na "say" haitaki mtu hata kidogo unapomtaka atamke tu: "Say the answer."

Kujadili. "Discuss about the picture" ina neno la ziada. "Discuss the picture", au "Talk about the picture."

Kusoma. Neno letu linabeba kusoma kitabu na kujifunza kwa ajili ya mtihani. "Read hard" haipo. Ni "Study hard". "Read" ibaki kwa macho na maandishi.

Kusikia na kusikiliza. "Hear me" ni kauli ya kusali. Darasani ni "Listen to me", na "to" haiachwi.

Yeye. Kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi jinsia, ulimi huteleza: mwalimu anamwonyesha Asha na kusema "He has finished." Ukiona linakusumbua, taja jina: "Asha has finished."

Saa. Hili huleta hasara halisi. Saa nne asubuhi ni "ten o'clock", na mwalimu anayesema "We stop at four" akiwa na maana ya saa nne amewaambia wanafunzi watoke jioni. Tofauti ni saa sita, mbele au nyuma. Kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima andika ubaoni kwa tarakimu na uongeze "p.m.", na kwa yeyote mgeni kabisa taja saa kwa namna zote mbili.

Matamshi yangu yana lafudhi. Je, nitawaharibu wanafunzi?

Lafudhi si tatizo. Kueleweka ndiyo kazi. Shughulikia sauti chache zinazobadilisha maana.

Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana "sit" na "seat" hutoka sawa. Sema "Sit down" kwa irabu fupi, "Have a seat" kwa ndefu. Kwa sababu hiyohiyo, acha kabisa kusema "a sheet of paper" kama irabu yako ndefu haijakaa sawa, kwani ikifupishwa inageuka tusi. Sema "a piece of paper" na maisha yaendelee.

Herufi zisizotamkwa: "t" katika "listen", "w" katika "write" na "answer". Hayo ni maneno unayoyasema mara kadhaa kila kipindi, kwa hiyo yarekebishe kwanza. Neno "pronunciation" lenyewe huandikwa na kutamkwa bila ile "o" ya pili ya "pronounce".

Usiongeze irabu mwishoni: "book", si "buku", "stop", si "stopu". Na "th" usiiogope: unayo tayari ukisema "thelathini", hiyo ndiyo ya "three", na ile ya "dhahabu" ndiyo ya "this". Wanafunzi wa bara wanaosema "selasini" na "zahabu" waanzie hapo, kwenye Kiswahili chao, kisha wavuke.

Nisahihisheje kosa bila mwanafunzi kunyamaza wiki nzima?

Amua kwanza kipindi kinataka nini. Kama zoezi ni la umbo sahihi, sahihisha papo hapo. Kama ni mazungumzo, mwache amalize, andika kosa kwenye karatasi yako, na mwishoni weka sentensi tatu nne ubaoni bila majina: "Can you correct these?"

Unaposahihisha papo hapo, mpe nafasi ajisahihishe. Mwanafunzi: "Yesterday I go to the market." Mwalimu: "Yesterday I...?" kwa sauti inayopanda, kisha subiri. Wengi watatoa "went" wenyewe. Asipotoa, uliza "Who can help?", na akishasaidiwa mrudie yeye: "Good. Now you say it." Wengi husahau hatua hii ya mwisho, na mwanafunzi anabaki amekaa na kosa lake.

Badala ya "No, wrong, sit down", kuna "Not quite", "Almost", "Nearly. Try again." Lakini usiseme "Good" kwa jibu lenye kosa ili kumfurahisha, aliyepata na aliyekosa wote wakisifiwa, sifa inakufa. Sifa ifunge jambo: "Good, you used the past tense." "Well done, that was loud and clear." Makofi ya kilo kwa kila jibu hula muda. Yaweke kwa jibu lililogharimu jasho.

Naweza kusema nini badala ya "Shut up"?

"Shut up" ni kali kuliko "nyamazeni"; iko karibu na "funga mdomo". Tumia "Quiet, please", "Stop talking, please" au "I'm waiting", kisha kweli usubiri.

Wanaojibu kwa kelele: "Don't shout. Hands up." "One at a time." Aliyechelewa: "You're late. Sit down quietly. See me after class." Usimhoji mlangoni, unampa jukwaa na darasa linasimama. Simu: "Put your phone away" kwa watu wazima, "Give me the phone, please" palipo na sheria ya shule. Walioketi pamoja wakichezea wakati: "Baraka, change places with Joyce."

"What's wrong with you?" usiitumie. Ukitaka kujua kama mtoto anaumwa, ni "Are you all right?" au "What's the matter?"

Nitumie Kiswahili wakati gani?

Kwa jambo la usalama, ugonjwa, au mtoto anayelia: Kiswahili mara moja. Kwa dhana ya sarufi inayokula dakika kumi kwa Kiingereza na dakika moja kwa Kiswahili: Kiswahili, kisha mifano kwa Kiingereza. Kwa onyo zito la nidhamu pia, kwa sababu onyo lisiloeleweka si onyo.

Lakini maelekezo ya kila siku yabaki kwa Kiingereza, kwa kuwa hayo ndiyo Kiingereza pekee ambacho mwanafunzi wa shule ya kijijini anakisikia kikitumika kwa kazi halisi. Tatizo kubwa ni kutafsiri kila sentensi papo hapo: "Open your books, fungueni vitabu." Baada ya wiki moja hakuna anayesikiliza nusu ya kwanza. Msipoelewana, onyesha kwa kitendo, rudia sentensi ileile, kisha mwulize mwanafunzi mmoja: "How do we say that in Swahili?" Akishatafsiri, usitafsiri tena.

Tanzania, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unaanzisha Kiingereza darasa la kwanza, huku masomo mengine ya shule za msingi za serikali yakiendelea kwa Kiswahili. Na mtoto huyo akifika kidato cha kwanza anakuta fizikia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Kenya mgeuko huo huja mapema, gredi ya nne. Kule kote amri za darasani ndizo zinazomwokoa wiki za kwanza: akielewa "Draw a line", "Label the diagram", "Copy the table", atabaki ndani ya somo hata kama maelezo yamempita.

Kuhusu kumvisha kibao shingoni anayesema Kiswahili, au kumtoza faini: kinachopatikana ni ukimya. Mtoto anayeogopa kukamatwa hasemi Kiingereza zaidi, anasema kidogo zaidi.

Wanafunzi wenyewe wajue misemo gani?

Ile itakayowawezesha kukuomba msaada bila kugeukia Kiswahili. Iandike kwenye manila kwa maka peni nyeusi au bluu. Nyekundu na kijani hazionekani vizuri kutoka nyuma. Herufi zisipungue urefu wa sentimita 4, na sentensi ziwe saba au nane tu:

"May I come in?" "May I go out?" "I'm sorry I'm late." "I don't understand." "Can you repeat that, please?" "What does 'borrow' mean?" "How do you say 'ndoo' in English?" "I haven't finished yet."

Bandika ukutani upande wa ubao, usawa wa macho yao, si juu karibu na dari. Mwanafunzi akija na "Mwalimu, naomba kutoka", onyesha manila kwa kidole na subiri. Anasoma, anatoka. Akiwa na haraka ya kweli, mwache aende, sentensi ataisema akirudi. Angalia makosa mawili yanayojirudia: "What is the mean of this word?" badala ya "What does this word mean?", na "I am finish" badala ya "I've finished."

Na "shikamoo" itafsiriwe vipi?

Isitafsiriwe. "Good morning" husemwa na mdogo kwa mkubwa na mkubwa kwa mdogo, na jibu ni "Good morning" hiyohiyo. Baada ya adhuhuri ni "Good afternoon". "Good night" ni ya kuagana tu, kwa hiyo darasa la jioni hufunguliwa kwa "Good evening". Ile nyimbo ya "We are fine, thank you, teacher" haina ubaya, ila ikishaisha mwulize mmoja kwa jina: "How are you today, Zawadi?", na ukubali "I'm tired" kama jibu halali.

Nilisomeshwa kwa Kifaransa kabla ya kuanza kufundisha Kiingereza. Nijihadhari na nini?

Walimu wa Bujumbura, Bukavu na Goma hukutana na mitego yao. Kazi za wanafunzi "you check", si "you control". Kipindi "you attend", si "you assist". "To pass an exam" ni kufaulu, si kuufanya. Kuufanya ni "to sit" au "to take". Na kuuliza jina la kitu ni "What do you call this?", si "How do you call this?"

Nitajizoeshaje mwenyewe nikiwa sina wa kuongea naye?

Andika maelekezo yako neno kwa neno kwenye ukingo wa andalio la somo, hasa ya kazi ya vikundi. Mwalimu hubuni maelezo marefu pale anapobuni papo hapo. Ukishaandika, kata kila sentensi inayozidi maneno manane, au igawe mara mbili.

Kisha weka simu mezani, rekodi dakika kumi za kwanza za kipindi, na usikilize jioni ukiwa na kalamu. Tafuta vitu vitatu tu: umesema "OK" na "So" mara ngapi bila kazi yoyote, umetafsiri mara ngapi, na baada ya kuuliza swali umesubiri sekunde ngapi kabla ya kujijibu. Chagua kimoja cha kurekebisha wiki hiyo. Kabla ya kurekodi mjulishe mwalimu mkuu, na rekodi ifute ukimaliza, kwa kuwa ina sauti za watoto wa watu.